Land Rover ya marehemu baba na injini ya Toyota: je, bado itakuwa Land Rover?

Mwana wa Kadutu ameuliza:

Jambo ndugu zangu mnaopenda magari ya zamani. Marehemu baba alituachia Land Rover Series III ya chesi ndefu, ya mwaka 1976, ambayo kwa miaka mingi ilibeba maharagwe, mbao na wagonjwa kati ya Walungu na Bukavu. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 imepasuka bloki. Ufa umechomelewa mara mbili bila kudumu, na asubuhi ukifungua kifuniko cha oili unakuta povu jeupe kama maziwa. Fundi wetu wa Ibanda anapendekeza tuweke injini ya dizeli ya Toyota, ile 3L ya lita 2.8, kwa kuwa vipuri vyake vinapatikana hapa mjini. Baba mdogo anakataa kabisa: anasema gari lililotiwa moteri ya kabila lingine limekwisha kupoteza ukoo wake. Je, yako magari ya zamani yenye heshima yaliyotoka kiwandani yakiwa na injini iliyonunuliwa kwa mtengenezaji mwingine? Na tukiamua kuifanya kazi hii, tuangalie nini tusije tukaiharibu kumbukumbu ya mzee?

Mzee wa Nguba amejibu:

Mwanangu, mpe baba yako mdogo salamu zangu, kisha umsimulie habari za magari ya Facel Vega. Mfaransa Jean Daninos alikuwa na kiwanda cha kutengeneza bodi za magari ya wengine, na mwaka 1954 akaanza kuuza gari lake mwenyewe, la kifahari na lenye mbio. Ufaransa ya wakati ule ilitoza kodi nzito kwa injini kubwa, hivyo hakupata nyumbani injini iliyolingana na bodi yake, akaenda kuinunua Marekani kwa Chrysler: V8, yaani yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye nguvu na iliyokwisha kuzoea kazi. Magari hayo yalipendwa na matajiri wa nchi nyingi, wala hakuna aliyeyaita ya mchanganyiko kwa dharau.

Sehemu inayonigusa ni iliyofuata. Daninos alitamani gari dogo lenye moyo wa Kifaransa, ndipo ikazaliwa Facellia, ikiwa na injini ya lita 1.6 iliyosanifiwa kwa ajili yake na kutengenezwa na kampuni ya Kifaransa ya Pont-à-Mousson. Injini hiyo ilikuwa nzuri kwenye karatasi, lakini barabarani pistoni ziliungua, wateja wakarudi kudai matengenezo, na fedha za kampuni zikayeyuka. Mwaka 1963 alitia injini ya Volvo ya Uswidi katika bodi ileile, akaiita Facel III, na gari likatulia. Ila madeni yalikuwa yamekwisha kumzidi, na mwaka 1964 kiwanda kikafungwa. Aliyemwangusha, basi, hakuwa Mmarekani wala Mswidi.

Tena Land Rover yenyewe si mgeni katika jambo hili. Mwaka 1965 kampuni ya Rover ilinunua kwa General Motors haki ya V8 ya alumini ya Buick, na injini hiyo ndiyo iliyotiwa katika Range Rover ya mwaka 1970, kisha mwaka 1979 katika Series III, ndugu ya gari la baba yako.

Fundi wa Essence amejibu:

Nakubaliana na mzee kuhusu ukoo, ila kazi yenyewe isichukuliwe kirahisi, maana kiwandani pia kubadili injini kulisumbua. Sunbeam Tiger ya Uingereza, mwaka 1964, ilitiwa V8 ya Ford katika nafasi iliyokuwa ya injini ya silinda nne, ikajaa hadi kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, na ili kufikia plagi moja ya nyuma ilibidi kung'oa kizibo cha mpira na kupitisha mkono kutokea ndani ya gari. Baadaye Chrysler ilipoinunua kampuni hiyo, V8 yake haikuingia, kwa sababu distribyuta yake, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, ilikaa nyuma wakati ya Ford ilikuwa mbele.

Kwa gari lako, jambo la kwanza ni bamba la chuma litakalounganisha injini ya Toyota na giaboksi ya Land Rover. Mimi niliwahi kupewa bamba lililokatwa kwa kukadiria macho. Lilipotoka katikati kwa chini ya milimita moja, na kabla hatujamaliza kupanda mlima wa Ngomo beringi ya shafti ya giaboksi ilikuwa ikilia kama mbuzi. Mwambie mchonga vyuma apime kwa saa ya kupimia, kile kifaa chenye mshale kinachoonyesha tofauti ndogo sana, mbele ya macho yako.

Jambo la pili ni breki. Kama gari lina servo, yaani kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki, servo hiyo ilikuwa ikifanya kazi kwa hewa inayovutwa na injini ya petroli, na dizeli haivuti hivyo. Kwa hiyo nunua injini pamoja na alteneta yake, ambayo nyuma yake ina pampu ya vakyumu. Watu wengi huiacha sokoni ili kuokoa pesa kidogo, kisha wanateremka Kamanyola wakikanyaga pedali ngumu kama jiwe. Rejeta nayo iwe kubwa kuliko ile ya zamani.

Mwana wa Kadutu amejibu:

Aksanti sana, wazee wangu. Nimemsomea baba mdogo habari ya Buick akanyamaza kwa muda mrefu, halafu akauliza bloki ya zamani itawekwa wapi. Tumekubaliana ibaki ghalani, imepakwa grisi na kufunikwa turubai, namba yake ikionekana. Jumamosi nampelekea mchonga vyuma giaboksi, naye baba mdogo amesema atakuja kuisimamia hiyo saa ya kupimia yeye mwenyewe.