Mimba ya tatu: nishonwe mlango wa kizazi au nilale tu?

Mama_Umoja: Hamjambo wapendwa. Naishi mtaa wa Umoja, Nairobi, mimba yangu ni ya wiki 11. Mbili za kwanza zilitoka zikikaribia miezi mitano, na zote kwa mtindo mmoja: uchungu hakuna, damu ya kutisha hakuna, nasikia tu uzito huku chini na ute umezidi, nikifika hospitali naambiwa njia imeshafunguka. Wa pili alizaliwa akipumua. Hapo sitaendelea.

Daktari anasema mlango wa kizazi ni dhaifu, nishonwe. Mama mkwe aliposikia habari za uzi akakataa katakata. Anataka niende kwake Kitui nilale miguu juu mpaka nijifungue. Mume wangu kanyamaza. Na hivi, nikishonwa mtoto atapitia wapi?

Nesi_wa_Zamu: Pole sana dada. Kufunguka bila uchungu, tena mara mbili, ndiko kunakomfanya daktari aseme hivyo. Mwenye historia kama yako hushonwa mapema, wiki ya 12 hadi 14, skani ikishaonyesha mtoto yuko sawa. Unapigwa sindano ya ganzi mgongoni, daktari anapitia ukeni, anazungusha uzi imara kwenye mlango wa kizazi na kuukaza, kama unavyofunga mdomo wa gunia. Tumbo haliguswi. Si majaribio haya: Shirodkar wa India aliieleza njia yake 1955, na McDonald wa Australia akaleta iliyo rahisi zaidi 1957.

Uzi hutolewa wiki ya 36 au 37, kazi ya dakika chache, kisha unangoja uchungu kama wengine. Mtoto anapita palepale.

Baba_Wawili: Mke wangu alipoteza moja tu, na hakushonwa moja kwa moja. Alikuwa akipimwa urefu wa mlango kwa skani ya ukeni kuanzia wiki ya 16. Tuliambiwa ukishuka chini ya milimita 25 kabla ya wiki ya 24 ndipo ashonwe. Haukushuka.

Shosh_Kayole: Msimdharau mama mkwe. Mimi nililazwa kitandani na mtoto yupo, anacheza mpira.

Nesi_wa_Zamu: Mungu amkuze, Shosh. Ila kulala muda mrefu hakujathibitishwa kuzuia mtoto kuja mapema, na damu inaweza kuganda miguuni. Kazi nzito apunguze, sawa, lakini atembee. Tena Kitui, mbali na daktari anayemjua? Mimi singekubali.

Kanga_Nyekundu: Nilishonwa, na kilichonitia hofu zaidi ni matuta ya barabarani nikirudi nyumbani kwa matatu. Siku za mwanzo nilikuwa na matone ya damu na maumivu kama ya hedhi. Uzi si dhamana, hilo niliambiwa wazi. Kuna wanaoshonwa na bado mtoto akaja mapema. Yangu ilishika. Mwenzangu wa wodini alipewa projesteroni, homoni ya kusaidia mimba ikae, ya kuweka ukeni kila usiku bila kushonwa, kwa hiyo muulize daktari wako kwa nini amechagua uzi. Wenye pacha pia huwa na mpango tofauti.

Pesa: pitia dawati la SHA, bima ya afya ya serikali, kabla ya kulazwa, uliza wanalipa kiasi gani, na hospitali ikupe makadirio kwa maandishi. Bei zinapishana vibaya sana hapa mjini.

Nesi_wa_Zamu: Nyongeza, na mumeo aisome: maji yakimwagika, damu, homa, ute wenye harufu, au tumbo likianza kubana na kuachia, usingoje kuche. Nenda hospitali yoyote yenye daktari wa uzazi, na neno la kwanza mlangoni liwe "nimeshonwa". Uchungu ukianza uzi haujatolewa, mlango unaweza kuchanika.

Mama_Umoja: Asanteni. Amesoma yote, anasema mamake ataongea naye mwenyewe. Nimepiga simu, nalazwa wiki ijayo. Sasa ananituma niulize la chumbani, mtanisamehe.

Kanga_Nyekundu: 😂 Kumbe ana sauti! Mimi niliambiwa nikae mbali mpaka uzi utolewe, wengine huambiwa wasubiri muda mfupi tu. Nenda naye kliniki, aulize mwenyewe.