Mtihani wa uraia: maswali ya viongozi wa Ujerumani

Kutoka Leipzig:
Habari zenu ndugu. Mwezi ujao nafanya mtihani wa uraia. Ya katiba na bunge nimeyashika, ila viongozi wao wananichanganya. Mliokwisha kufanya, nisaidieni.

Kutoka Berlin:
Dada, usihofu. Maswali yote 310 yako wazi kwenye tovuti ya BAMF, ofisi ya uhamiaji ya Ujerumani. Siku yenyewe utapewa 33 kwa dakika 60, na ukipata 17 umefaulu. Matatu ni ya jimbo, kwa hiyo kwenye mazoezi chagua jimbo lako, Sachsen.

Hao viongozi usiwakariri mmoja mmoja. Angalia nani alimkabidhi nani madaraka. Anza na Hindenburg, jemadari wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliyechaguliwa rais mwaka 1925. Ndiye aliyemteua Hitler kuwa kansela, Januari 1933. Alipofariki Agosti 1934, Hitler akautwaa na urais, na wanajeshi wakaapishwa kumtii yeye mwenyewe, si katiba. Hapo utamwelewa Stauffenberg, kanali aliyefungwa na kiapo hicho na bado akamtegea bomu tarehe 20 Julai 1944. Hitler alipona. Stauffenberg alipigwa risasi usiku uleule, uani kwa jengo la jeshi hapa Berlin. Leo pale pana makumbusho ya waliompinga Hitler, kuingia ni bure. Ukija huku, twende.

Baada ya vita mambo ni mepesi: Adenauer kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, 1949, Erhard ni kansela wa kufufua uchumi, kansela Brandt alipiga magoti Warsaw mwaka 1970 mbele ya mnara wa Wayahudi waliouawa, Kohl ni kansela wa muungano wa Ujerumani mbili, 1990.

Upande wa Mashariki uliza hapohapo ulipo. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig kuipinga serikali na askari hawakufyatua risasi. Siku tisa baadaye Honecker, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, akang'oka. Majirani zako wazee wengine walikuwemo. Wakikusimulia, hutasahau tena.

Kutoka Neukölln, Berlin:
Naunga mkono, ila tusiishie kwenye mtihani. Mimi katika mazoezi yote sikumkuta Hermann von Wissmann, aliyeongoza jeshi la Wajerumani kwenye pwani yetu, na Abushiri bin Salim aliyewapinga akanyongwa Pangani mwaka 1889. Huku mtaani kwetu kulikuwa na barabara yenye jina la Wissmann hadi 2021. Sasa inaitwa Lucy Lameck, mama yetu wa Moshi aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza bungeni Tanganyika. Watoto wetu wanapita hapo kila siku. Tuwaambie wote wawili walikuwa nani, maana mimi naona shule haitawaambia vya kutosha.

Na dada, cheti hakitolewi siku ya mtihani, huja kwa posta baada ya wiki kadhaa. Usikingoje ndipo uanze kukusanya karatasi nyingine.