Ganda la mm 2.5 linagoma kwenye mshiko wa drili

Muuliza swali:
Wakuu, naombeni msaada, leo siku ya tatu nimekwama. Nina modeli ya 3D ya mshiko wa drili kwenye kompyuta, umbo lote limejipinda, hakuna uso hata mmoja ulionyooka. Inatakiwa iende kwenye kalibu ya plastiki. Kila nikitaka ganda, yaani kuitoboa ndani ibaki ukuta wa mm 2.5, programu ya kuchorea inagoma. Nikishusha hadi mm 1.5 inakubali, ila huo ni mwembamba mno kwa kitu cha kuangukaanguka. Nimewasha milia ya pundamilia, ile mistari myeusi na myeupe ya kukagua maungio ya nyuso, inapita bila kukatika. Nakosea wapi?

Jibu:
Mkuu, milia inakuonyesha nyuso zilivyoungana tu. Pima mpindo wenyewe, utafute nusu kipenyo kidogo kuliko vyote upande wa nje. Ukisogeza uso kwenda ndani mm 2.5, mpindo wa mm 4 unabaki na 1.5. Wa mm 2 haubaki na kitu, uso unajikata wenyewe. Kwa kuwa 1.5 imepita, wako uko kati ya 1.5 na 2.5.

Jibu:
Naongezea: angalia nyuso tatu zinapokutana. Ukikuta kipande cha pembetatu ambacho mistari yake yote inakimbilia ncha moja, kikate, uzibe upya kwa kipande cha pande nne. Na fundi wa kalibu mpe faili la STEP, linalobeba nyuso zenyewe. Faili la STL ni vipembetatu vitupu, mpindo halisi haumo.

Muuliza swali:
Nimeipata! Chini ya kidole gumba, mm 1.8. Kona hiyo niliiviringisha mwenyewe mwanzoni kabisa, nikaisahau. Na pembetatu ipo hapohapo. Nimeivuta karibu hadi ikajaa kwenye skrini, mistari imebanana kama njiti za mwavuli zinapofika kileleni. Nimekata, nimeziba, kona sasa ina mm 3.5. Ganda la 2.5 limepita mara moja. Asanteni sana, mmeniokoa.

Jibu:
Safi sana. Usitume bado, pima mteremko wa kuta kufuata upande kalibu inakofungukia. Nyuso za kujipinda zina hila: juu mteremko unatosha, zikikaribia mstari wa kugawa kalibu, pale nusu zake mbili zinapokutana, zinasimama wima, digrii 0. Hapo ndipo plastiki inakwaruzika ikitolewa. Hakikisha walau digrii 1 mpaka kwenye mstari wenyewe, na kama uso utakuwa na vinyweleo vya kuzuia kuteleza, ongeza.

Muuliza swali:
Nimepima. Upande wa kushoto una digrii 0.2. Narudi kazini.