Kiingereza ninacho, lakini nikiongea naombwa nirudie. Matamshi yanaanziwa wapi?

Mwanagenzi
Wakuu, salaam. Kusoma nasoma, kuandika naandika, sarufi si mbaya. Tatizo ni mdomo: sentensi moja narudishwa mara mbili. Sitafuti lafudhi ya Mwingereza, nataka nieleweke mara ya kwanza. Nina simu yenye kinasa sauti na dakika 20 kwa siku. Nianze na nini, na mazoezi yafanyweje hasa? Kila nikiuliza najibiwa "sikiliza sana", na kusikiliza nimesikiliza.

Silabi Tatu
Mkuu, kusikiliza peke yake hakutoshi kwa sababu sikio lako linachuja kila kitu kwa chekeche la Kiswahili. Anza na mkazo. Kwetu mkazo hauhami, uko silabi ya pili kutoka mwisho: kaLAmu, walimwandiKIa. Kiingereza hakina utaratibu huo. "PHOtograph" mkazo uko mwanzo, "phoTOGraphy" umesogea, "photoGRAPHic" umesogea tena. Msikilizaji wao hutegemea sana mkazo kulitambua neno. Ukiuweka pasipo pake anaanza kutafuta neno jingine, na sentensi imeshampita.

Halafu kuna irabu tunayoibandika mwishoni. "Hospital" mkazo uko HOS. Ukiongeza i, silabi zinakuwa nne na mkazo unakimbilia TA. Kosa moja limezaa la pili. (Hoteli ilibahatika tu: kwa Kiingereza mkazo uko TEL, kwa hiyo hata ukiongeza i haubanduki.)

Sasa silabi isiyo na mkazo, na hapa ndipo wengi tunapokwama. Sisi kila irabu tunaipa haki yake. Wao huimeza: inakuwa sauti fupi ya katikati, ulimi umetulia, midomo haifanyi kazi. Inaitwa shwa, kwenye kamusi huandikwa ə, na ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika lugha yao. "Banana" ina a tatu kwa maandishi, inayotamkwa kamili ni ya katikati tu. Maneno madogo nayo humezwa: "to", "of", "for", "can". Hili la "can" lina madhara. Ukisema "I can go" huku "can" umeitamka kwa nguvu, anaweza kusikia "can't", kwa kuwa "can't" ndiyo isiyomezwa.

Zoezi: chukua maneno 10 ya silabi tatu au zaidi unayoyatumia kila siku. Fungua kamusi ya mtandaoni yenye sauti, Cambridge au Longman zinafaa. Alama ˈ hukaa kabla ya silabi yenye mkazo. Gonga meza kwenye silabi hiyo tu, ivute, nyingine zipitishe haraka. Kila neno mara 5 likiwa peke yake, mara 5 ndani ya sentensi. Ukikuta mwisho wa -tion au -ic, kwa kawaida mkazo hutangulia kiishio: "eduCAtion", "ecoNOMic".

Kaakaa
Naongezea mwisho wa neno. "Back" na "bag", "seat" na "seed", "rice" na "rise". Watu huikandamiza ile g au d mpaka inazaa irabu: "bagi", "sidi". Kazi kubwa haifanywi na konsonanti ile, inafanywa na irabu iliyoitangulia. Kabla ya konsonanti ghuna, zile zinazotetemesha koo (b, d, g, v, z), irabu hurefuka. Kabla ya sighuna, zisizolitetemesha (p, t, k, f, s), hukatwa. Sema "seed" kwa kuvuta, gandisha ncha ya ulimi kwenye ufizi wa juu, iache hapo hapo. Usipoiachia, irabu ya ziada haina mlango wa kutokea.

Kiishio -ed kina sauti tatu, na wengi hutamka moja. Baada ya sauti sighuna ni t: "worked", "washed". Baada ya ghuna ni d: "lived", "called". Huongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d: "wanted", "needed". Kwa hiyo "worked" ni silabi moja.

Konsonanti ya mwisho ikifuatwa na neno linaloanza kwa irabu, ihamishie neno hilo. "Pick it up" hutamkwa kama "pi-ki-tap". Mswahili hapo yuko nyumbani, silabi karibu zote ziko wazi.

Kwa irabu, zoea jozi: "sheep" ndefu, "ship" fupi.

Ng'ong'o
Hapo mwisho nakupinga, Kaakaa. Urefu peke yake utampoteza, tena kwa kanuni yako mwenyewe: irabu ya "beat" hukatwa na t, ya "bid" hurefushwa na d, zinakaribiana urefu. Tofauti iko kwenye mkao wa ulimi. "Sheep" ni i yetu, ivute tu. Kwa "ship" anza na i yetu, legeza ulimi, ushushe kidogo kuelekea e, midomo isitanuke. Ukiifupisha i ya Kiswahili bila kuishusha, umetoa "sheep" ya haraka.

Sisi tuna irabu 5, wao kwa hesabu ya kawaida ya Kiingereza cha Uingereza wana takriban 20 ukijumlisha na zile zinazoteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine. Ndiyo maana "cat", "cut", "cart" na hata "curt" zote huangukia a yetu. "Cat": shusha taya, ulimi mbele, sauti kati ya e na a. "Cut": karibu na a yetu, fupi, mdomo nusu wazi. "Cart": ndefu, ulimi umerudi nyuma. "Curt" na "bird": ni kama shwa iliyovutwa, midomo imelala.

Na msipoteze muda kwenye th. Tunayo! "Think" ni th ya thelathini, "this" ni dh ya dhahabu. Anayesema "sink" na "zis" mara nyingi ndiye anayesema "selasini" na "zahabu", basi arekebishe kote kuwili. Vivyo hivyo "singer" ina ng' ya ng'ombe, "finger" ina ng ya ngoma. Kigeni kweli ni r: yetu ulimi hugonga ufizi, yao ulimi hujikunja bila kugusa popote.

Mwanagenzi
Nimeelewa kuliko miaka yote. Mawili yamebaki: niige Uingereza au Marekani? Na dakika 20 nizigaweje?

Silabi Tatu
Chagua mmoja, usichanganye. Mmarekani wa kawaida hutamka r ya "car" na "hard", na t ya "water" huigonga haraka kama r yetu nyepesi. Kwa lafudhi ya kamusi za Uingereza r ya "car" na "hard" haitamkwi. Kamusi huonyesha zote mbili, soma safu moja tu.

Dakika 5 ni za yale maneno 10. Dakika 12: chukua kipande cha mazungumzo cha sekunde 20 hadi 30 chenye maandishi yake, si zaidi. Sikiliza mara 3 huku ukipigia mstari silabi zenye mkazo na ukikata kwa penseli irabu zilizomezwa. Kisha sema pamoja na msemaji, si baada yake, mara 6 hivi. Ikikushinda, punguza mwendo hadi 0.75. Jirekodi, sikiliza chako na chake kwa zamu, kasoro moja tu kwa siku. Kipande hicho kikae wiki nzima.

Dakika 3 za mwisho, weka simu ikuandikie unachosema kwa Kiingereza. Ila usiipe sentensi, maana hubahatisha kwa muktadha na kukuficha makosa. Itajie neno mojamoja kutoka kwenye jozi, umechanganya mpangilio: "bag", "seat", "ship", "back". Ikiandika "sit" pale uliposema "seat", rudi kwenye mkao wa ulimi aliousema Ng'ong'o.