Hilux 3L inazima mlimani, ikipoa inawaka. Nimechoka jamani

Mama Mawese:

Mwakeye wadau. Niko Kigoma, nina Hilux pikapu ya 1993, dizeli, injini aina ya 3L, ni kizee lakini ndo kinachonilisha, nabebea mawese kuleta mjini na ndizi za Kalinzi. Dereva ni mdogo wangu. Sasa huu mwezi wa pili imeanza mchezo, inatoka Mwandiga vizuri tu ikianza kupanda kule Kalinzi inazima yenyewe. Mnakaa dakika kumi, kumi na tano, ukipiga starta inashika kama haijawahi kuumwa. Kuna siku inaenda na kurudi salama, kuna siku inazima mara tatu na mzigo uko juani. Fundi wa kwanza kabadili filta ya dizeli. Wa pili kasema nozo, zile za kunyunyizia dizeli kwenye injini, zikatolewa zikapimwa zikarudishwa. Wa tatu kasema "ni joto mama, si unaona ikipoa inawaka", akatoa themostati, ile ya kuzuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, akatupa. Laki mbili na nusu imeshaenda na gari bado inazima. Mshale wa joto haujawahi kupita katikati hata siku moja. Nifanyeje?

Kijana wa Gungu:

Dada hiyo sensa. Peleka ikapimwe kwenye mashine wasome kodi za hitilafu, msipoteze hela na mafundi wa chini ya mwembe.

Fundi Dizeli Ujiji:

Mdogo wangu wa Gungu, mashine utaichomeka wapi kwenye 3L? Kompyuta ya mafuta ni mambo ya injini za 2L-TE na 1KZ-TE huko. Hii ya mama pampu yake ya nozo ni ya kimekanika, inataka vitu viwili tu ili injini iendelee kuunguruma: dizeli isiyo na upepo, na waya mmoja wa umeme unaokwenda kwenye solenoidi ya kukata mafuta, yaani vali ya umeme, pale juu ya pampu. Basi.

Mama, kabla ya kununua kitu kingine chochote muulize dereva swali moja. Inazima vipi? Inakatika ghafla pwaa kama mtu kageuza funguo, au inaanza kukosa nguvu, inakohoa kohoa, unakanyaga haiitiki, halafu ndo inakufa? Ikikatika ghafla mimi naangalia umeme, yaani swichi ya funguo, fyuzi, ule waya wa solenoidi unaolegea gari ikitikisika. Ikikohoa kwanza naangalia mafuta yanavyofika. Mafundi wote watatu hakuna aliyeuliza hili, nina hakika.

Na themostati mrudishie, hizi injini za L silinda hedi zake hazipendi mchezo wa joto, halafu injini inayofanya kazi ikiwa baridi muda wote nayo inakula mafuta bure.

Mama Mawese:

Nimemuuliza. Anasema inakohoa, inapoteza nguvu kama mita mia hivi halafu inazima. Na kingine alichoniambia leo ndo nasikia, tanki likiwa limejaa haizimi, inaanza likifika nusu kushuka. Halafu siku inazima utingo wake alijaribu kupampu ile pampu ya mkono pale juu ya filta, anasema kitufe ukikikandamiza kinabaki chini, hakirudi juu.

Fundi Dizeli Ujiji:

Haaa, hapo mama umeshanipa jibu nusu. Ningekuwa na namba ya huyo utingo ningemwajiri.

Ngoja nieleze. Hii injini haina pampu ya umeme kwenye tanki, pampu ya nozo yenyewe ndo inavuta dizeli toka huko nyuma, kupitia bomba na filta. Bomba likiwa na tundu au mpira umepasuka inavuta upepo, na hapo pampu ya mkono inakuwa laini tu, unapampu weee haikazi. Lakini ikibaki chini kama ilivyofanya ya kwako, maana yake inavuta na hakuna kinachokuja. Kuna kitu kimeziba kati ya tanki na filta.

Na ile ya kusubiri ikipoa, gari haipoi mama. Inaachiwa. Kitu kinafyonzwa kinaziba mdomo wa bomba ndani ya tanki, injini inakufa, mvuto unaisha, kile kitu kinadondoka taratibu, mnawasha mnaenda. Ndo maana fundi wa tatu akaona joto.

Jaribio la kwanza ni la bure. Ikizima tena afungue mfuniko wa tanki asikilize. Akisikia fyuuu ya kuvuta upepo basi katundu ka kupumulia kwenye mfuniko kameziba, tatizo limeisha kwa kusafisha mfuniko. Asiposikia kitu, achomoe mpira unaoingia kwenye filta, autumbukize kwenye kidumu cha dizeli safi kilichofungwa vizuri ndani ya boneti mbali na feni na mbali na ekzosi, ule wa kurudisha mafuta nao aingize humo humo maana pampu inarudisha mengi, atoe upepo kisha apande nayo mlima. Ikipanda bila kukohoa, ugonjwa uko nyuma.

Dereva mstaafu:

Naongezea kidogo kwa huyo mdogo wake. Gari ikizima mlimani asianze kukanyaga kanyaga breki. Kwenye hizi dizeli pampu ya vakyumu inayosaidia breki iko mgongoni mwa altaneta, injini ikifa inabaki akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo pedali inakuwa kama unakanyaga jiwe. Akanyage mara moja ashikilie, avute hendibreki, utingo ashuke na gogo aweke nyuma ya tairi. Mimi pale Kalinzi nimewahi kurudi kinyumenyume na mkaa gunia thelathini, sitaki kukumbuka.

Mama Mawese:

Jamani nimerudi. Mfuniko tumeufungua haukutoa sauti. Jumamosi wakafunga kidumu cha lita tano wakapanda hadi Kalinzi sokoni na mzigo, haikukohoa hata mara moja. Jumatatu tumeshusha tanki.

Ndani kulikuwa na tope jeusi la vidole viwili, na kipande cha nailoni, ile nyepesi ya zamani ya rambo, kimekunjamana saizi ya kiganja. Upande mmoja kilikuwa na alama ya duara, kabisa kabisa mdomo wa bomba. Nimekaa nacho mkononi nikabaki nacheka peke yangu, laki mbili na nusu na kumbe mgonjwa ni huyu.

Halafu najua kilikotoka. Vijijini tukiishiwa tunanunua dizeli ya kwenye madumu, na wanaweka nailoni mdomoni mwa dumu ndo wanafunga kizibo isimwagike. Wakati wa kumimina inachanika inaingia na mafuta. Rambo zimekatazwa tangu 2019, kwa hiyo hicho kitu kina miaka humo ndani mwangu, sijui kwa nini kimeamka mwaka huu.

Fundi Dizeli Ujiji:

Kimeamka kwa sababu ya hilo tope, pengine kilikuwa kimenasa pembeni kikabanduka. Chujio la kwenye bomba lilikuwepo?

Mama Mawese:

Halikuwepo. Kuna mtu alishalikata zamani, bomba liko wazi.

Fundi Dizeli Ujiji:

Basi weka jingine kabla hamjarudisha tanki, na mipira ile miwili ya juu ya tanki badilisha na klipu zake kabisa maana ukishaivuta ikiwa mikavu inapasuka, utakuja tena hapa kuniambia asubuhi inasumbua kuwaka. Filta nayo tena mpya, ile ya juzi imeshakula tope.

Kijana wa Gungu:

Na mimi nimejifunza, mashine narudisha kabatini 😂 Dada hayo mawese dumu la lita ishirini sasa hivi shingapi?

Mama Mawese:

Njoo inbox. Lakini uje na dumu lako, lenye kizibo.