Kwa nini matamasha ya filamu huru Nairobi hayana mstari mmoja?

Mpenda Sinema, Buruburu

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninakusanya maelezo kuhusu historia ya matamasha ya filamu huru jijini kwetu kwa ajili ya mjadala wa klabu yetu ya filamu. Zanzibar wana tamasha lao la kimataifa tangu 1998, na FESPACO, tamasha la filamu za Kiafrika la Ouagadougou, Burkina Faso, lipo tangu 1969. Hapa Nairobi, kila ninapofuatilia tamasha moja ninafika mahali habari zake zinapungua, kisha linajitokeza jingine lenye jina jipya na waandaaji wapya. Historia hii ianzie wapi, na ni nini kilichofanya ivunjike vipande?

Msomaji wa Ngara

Ndugu, anzia 2006. Mwaka huo lilizaliwa Tamasha la Kimataifa la Filamu la Kenya, mwaka mmoja baada ya serikali kuanzisha Tume ya Filamu. Watu wengi huishia hapo, na kwa maoni yangu wanasahau sehemu yenye uzito zaidi: mwaka huohuo lilianza pia Lola Kenya Screen, tamasha la watoto na vijana. Watoto hawakuletwa kutazama tu. Walifundishwa kutengeneza filamu fupi, kuketi katika jopo la waamuzi, kuongoza hafla jukwaani na kuandika uhakiki wa filamu walizoziona. Sijui tamasha jingine hapa nchini lililowaamini watoto kiasi hicho, na ukitaka kueleza klabu yako maana ya kujenga watazamaji, huo ndio mfano wa kutumia.

Mwenyeji wa Mathare

Nakubaliana na mwenzangu, ila asituishie katikati ya jiji. Mwaka 2011 Slum-TV, kikundi cha watengeneza filamu cha Mathare, na Hot Sun Foundation, shirika la mafunzo ya filamu la Kibera, zilianzisha Slum Film Festival, ambalo filamu zake nyingi zilitengenezwa na watu wa mitaa ya mabanda au zilihusu maisha yao, na maonyesho yakafanyika mtaani, mahali pa wazi, badala ya kumtaka mtazamaji alipe nauli na tiketi. Baadaye, mwaka 2017, likaja NBO Film Festival, ambalo mmoja wa waanzilishi wake ni Mbithi Masya. Filamu yake Kati Kati ilikuwa imepata tuzo ya wahakiki huko Toronto mwaka 2016. Nairobi Half Life nayo ilionyeshwa kwanza Durban mwaka 2012. Jiji linalosubiri wageni wazipongeze filamu zake kwanza linahitaji matamasha ya nyumbani, hata yakiwa madogo.

Mtazamaji wa Ngong Road

Kuhusu swali la pili, jibu langu ni kumbi. Zanzibar wana Ngome Kongwe. Mtu wa Unguja akisikia tamasha, anajua miguu imwelekeze wapi. Nairobi ilizipoteza sinema zake za zamani moja baada ya nyingine: Shan ya Ngara iligeuzwa ukumbi wa sarakasi na muziki, nyingine zikawa makanisa na maduka, na sinema zilizobaki zikahamia ndani ya majengo ya biashara, ambako saa za jioni hupewa filamu za Hollywood kwa kuwa ndizo zinazolipa. Ndiyo maana waandaaji wamekuwa wakibisha hodi Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, ambako ukumbi hupatikana lakini si wako, na siku moja kipaumbele cha mwenye nyumba kinaweza kubadilika.

Mpenda Sinema, Buruburu

Asanteni sana. Je, sheria haina mchango wake?

Mtazamaji wa Ngong Road

Inao. Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, ambayo asili yake ni mwanzoni mwa miaka ya 1960, inataka kila filamu ikaguliwe na kupewa kibali kabla ya kuonyeshwa hadharani. Kwa sinema inayoonyesha filamu moja majuma kadhaa, huo ni mzigo unaobebeka. Tamasha lenye filamu fupi nyingi, ambazo kila moja huonyeshwa mara moja au mbili na haziingizi pesa, hupitia utaratibu huohuo kwa kila moja, huku mfadhili akitaka kuona ratiba iliyokamilika.