Tupeane uzoefu: ulipomaliza kidato cha nne ulienda cha tano au chuo?

Wakuu, salaam. Matokeo ya kidato cha nne yameshatoka na nyumbani kwetu mjadala hauishi. Mdogo wangu ana B ya Baiolojia, C ya Kemia na C ya Fizikia. Mzee anataka asome PCB, yaani kombi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha tano na sita, maana kwake daktari ni yule aliyepitia kidato cha sita. Mwenyewe anataka diploma ya utabibu. Selfomu, ile fomu ya kuchagua kombi na vyuo, alijaza akiwa shuleni, ila baada ya matokeo TAMISEMI hufungua dirisha la kubadili kombi na vyuo, na halikai wazi muda mrefu.

Mimi naegemea chuo. Cheti cha kidato cha sita kinakufungulia mlango wa chuo kikuu, na mlango huo ukigoma unabaki huna fani. Wa diploma anayo fani hata akiishia hapo. Lakini naomba waliopitia wenyewe waseme. Ya kusikia kwa majirani tunayo mengi.

Mdau wa PCB:
Mkuu, mimi nilienda PCB na divisheni one yangu. Unaripoti Julai, unafanya mtihani wa taifa Mei, kwa hiyo hiyo miaka miwili wanayosema haitimii. Fizikia tulikuwa na mwalimu mmoja kwa mikondo yote. Mada za mwisho tulijisomea usiku kwa madesa, na BAM, lile somo la hesabu, nayo inakusubiri. Nikapata Kemia D, Baiolojia E, Fizikia S. Ni divisheni three, mtaani wakanipongeza. Ila kwenye kuomba digrii wanahesabu pointi: D ni 2, E ni 1, S haimo. Kinachotakiwa ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, na mimi nina 3.

Nikaomba diploma ya utabibu kwa cheti kilekile cha kidato cha nne nilichokuwa nacho tangu mwanzo. Darasani nikakaa na vijana waliokuwa kidato cha pili wakati mimi niko cha nne. Haki yake niseme: Kemia ya kidato cha sita ilinibeba sana mwaka wa kwanza.

Fundi umeme, Mbeya:
Mimi serikali ilinichagua moja kwa moja kwenda chuo cha ufundi, kwenye orodha ileile ya wanaokwenda kidato cha tano. Nikaanza NTA level 4, ngazi ya cheti cha awali, nikaenda 5, nikamalizia 6 ambayo ndiyo diploma, miaka mitatu. Siku ya kwanza ya fildi, kabla hata hajaitikia salamu, fundi mzee alinipa tesita akaniambia nipime waya tatu nimwambie upi una moto. Mikono ilinitetemeka. Wiki ile nilijua hii ndiyo kazi yangu.

Nilitoka na GPA (wastani wa alama) juu ya 3.0 nikaingia digrii ya uhandisi. Wenzangu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) walinitangulia mwaka mmoja tu. Darasani hesabu zao zilikuwa mbele, mwaka wa kwanza wa kalkulasi niliteseka kwelikweli. Karakana ikawa zamu yao kuniuliza mimi. Anayetaka njia hii aanze kujifunza hesabu za kidato cha tano mapema, chuo hakikupi za kutosha.

Mama wa wawili:
Wanangu, niseme kama mzazi. Mkubwa alisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) shule ya serikali. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita imefutwa, nikabaki na michango, godoro, tranka na nauli ya kumpeleka mkoa wa mbali. Mdogo akaenda chuo binafsi cha afya. Huko ada ni kila muhula, na sare, na mitihani, na fildi yenyewe inalipiwa. Niliuza ng'ombe. Tena chuo cha kwanza tulicholipia tulikuja kukuta kozi ile hawana kibali cha kuifundisha, na pesa haikurudi. Kabla hujatuma hata shilingi, tafuta jina la chuo na kozi yenyewe kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi. Siku hizi Bodi ya Mikopo nayo inawapa baadhi ya wa diploma, walianza 2023/24 kwa fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Wangu hakuwahi hiyo.

HKL:
Mimi nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Kwa anayetaka sheria au lugha, kidato cha sita kilinifaa bila kona. Nilitoka, nikaenda JKT, nikaingia chuo kikuu mwaka uleule. Uzi huu unawahusu zaidi watu wa sayansi.

Mwenye uzi:
Asanteni sana, na mama, pole kwa ile pesa. Mdau wa PCB, jibu lako nimemsomea mzee mwanzo mwisho. Hajabadili msimamo, lakini ameomba nimwandikie zile pointi kwenye karatasi. Mdogo wangu ana swali kwa waliosoma utabibu wakaendelea na digrii ya udaktari: mliomba mara tu baada ya diploma au mlifanya kazi kwanza? Na D za kidato cha nne, hasa Hesabu, ziliwasumbua kwenye kuomba? Yeye Hesabu ana D.